Kiapo kimoja, mizani mbili

Desemba 2017, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Githu Muigai, alionya kwamba kumwapisha rais nje ya Katiba ni uhaini, na adhabu ya uhaini ni kifo. Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga akapanda jukwaani Uhuru Park, Biblia mkononi, akala kiapo cha kuwa “rais wa wananchi” mbele ya umati mkubwa, huku Serikali ikizima matangazo ya vituo vikubwa vya televisheni. Mwapishwa hakushtakiwa. Waliokamatwa ni waliosimama naye: mbunge T.J. Kajwang’ na wakili Miguna Miguna, ambaye alipandishwa ndege kwenda Kanada ilhali mahakama ilikwisha kuamuru afikishwe mbele yake. Naamini kabisa kiti cha urais kinahitaji ulinzi mkali wa sheria. Nchi ikiwa na marais wawili, askari atamtii nani? Lakini sheria hiyo hiyo ilimruka mkuu wa shughuli ikawaangukia wasaidizi, na Machi 9 Raila na Rais Uhuru Kenyatta waliposhikana mikono kwenye ngazi za Harambee House, habari ya uhaini ikafifia. Kijana anayekamatwa Nairobi kwa kujifanya polisi hana wa kumpa mkono. Yeye hupandishwa kizimbani. Mwendesha mashtaka wa umma alipaswa kuwaeleza Wakenya, kwa maandishi, kwa nini shtaka moja lilifunguliwa na jingine likaachwa. Bado anaweza kufanya hivyo.