Mgonjwa wa Mabusha Ahitaji Ganzi, Ahitaji na Neno

Pwani yetu ya Tanga imeyajua matende na mabusha tangu enzi za mababu. Wapo waliolaumu madafu, wapo waliolaumu uchawi. Sayansi imethibitisha kwamba chanzo chake ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Kingatiba hupunguza maambukizi, lakini busha lililokwisha kukua huondolewa kwa upasuaji, na kampeni za upasuaji huo zimefanyika katika mikoa ya pwani. Hata hivyo, wapo wazee wanaobaki nyumbani na mzigo wao. Kwa nini?

Tunaona kwamba umbali na gharama si jibu lote. Ipo aibu, na ipo hofu. Mara nyingi upasuaji huu hufanyika kwa dawa ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Anavuliwa nguo mbele ya vijana walio na umri wa wajukuu zake. Anasikia vyuma vikigongana. Mwili hukaza, moyo huenda mbio, na maumivu madogo huonekana makubwa. Mzee akishuka kitandani kabla ya kisu kwa kuwa hakuna aliyemweleza jambo, huenda asirudi tena.

Hapo ndipo neno la kweli linapokuwa sehemu ya tiba. Kumwambia mgonjwa kwamba hatahisi chochote ni kumdanganya: sindano ya ganzi huchoma, na baadaye aweza kuhisi kuvutwa au kubanwa hata kama maumivu yametulizwa. Akielezwa mapema, hashtuki. Muuguzi aanzaye kwa "Shikamoo, baba", amsitiriye vema, atajaye kila hatua kabla ya kuitenda, amhimizaye kupumua polepole na kusema mara aonapo maumivu, humrudishia mzee heshima yake.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu aliletewa kiziwi. Kwanza alimtenga na umati, kisha akamgusa masikio na ulimi. Mtu asiyeweza kusikia maelezo aliyapata kwa macho na kwa mguso. Na faragha ilitangulia uponyaji.

Wajibu huu si wa wahudumu wa afya peke yao. Katika jumuiya zetu, mwanaume aliyekwisha kupona na amtembelee anayeogopa, amsimulie bila kutia chumvi, amsindikize hadi hospitali. Jirani yetu Mwislamu naye astahili usindikizaji uo huo, bila kushurutishwa katika sala zetu. Tena tukumbuke kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa walio mahututi pekee. Kanisa lafundisha kuwa yafaa kuupokea kabla ya upasuaji mzito. Anayekabiliwa na kisu asione haya kuzungumza na paroko wake.

Ganzi hutuliza mwili. Hofu ya mzee huyo yatungoja sisi.