MASHUA YA USHIRIKA ITIWE KALAFATI MPYA, LAMI TUMECHOKA NAYO

Ndugu wanaushirika, wazee wetu na vijana,

Tumesikia maneno barazani na pale dukani juu ya mashua yetu kuvuja. Wengine wanasema linunuliwe debe la lami, ipakwe, basi, iendelee na safari. Sisi wa gazeti hili la ukutani hatukubaliani nao.

Safari iliyopita zilifuliwa ndoo 40 za maji kabla ya kufika mlango wa mto. Magunia 3 ya mchele yaliyokaa chini karibu na ngama yalilowa, yakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kijana wa kufua maji tunamlipa posho kila safari, na hiyo ni pesa yetu tunayoimwaga baharini kwa ndoo. Tena mchele si kitu. Mashua hii ndiyo inayovusha kina mama wajawazito kwenda hospitali, hata usiku. Mtu ana uchungu, naye maji yamemfika vifundoni. Hivi ni haki, jamani?

Mbao zikilowa huvimba zikabana, zikikauka husinyaa na nafasi zikafunguka. Ndiyo maana kwenye maungio hutiwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta ya nazi au ya papa, yaani sifa. Pamba hiyo hufuata mbao zinavyocheza. Sasa ya kwetu imezeeka. Ukiichokoa kwa kisu inatoka kama pumba zilizolowa. Ukipaka lami juu ya pamba iliyooza, maji ya nje yanazuilika siku chache tu, na yale yaliyomo ndani hayana pa kutokea. Ubao unaoza na msumari unaliwa na kutu chini kwa chini. Mwaka jana tulipaka lami tukafurahi. Je, miezi miwili ilimalizika?

Saruji ndiyo mbaya zaidi. Ubao unacheza na wimbi, saruji haichezi, inapasuka. Na pale ilipogandia fundi hana pa kuingizia patasi. Karibu na tezi mahali pawili pametiwa saruji, na hatutaki kujua ni nani.

Kwa hiyo tunasema kalafati ya zamani ichokolewe yote, omo mpaka tezi, itiwe pamba mpya. Mbao mbili za ubavu wa kushoto hazitibiki kwa pamba, zing'olewe, ziwekwe nyingine. Na fundi asikilizwe. Wenye nguvu wasigonge pamba kama wanapigilia mambo, kwani ikizidi kubana inazisukuma mbao zikaachana. Mwisho chini ipakwe deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama, wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wasipate njia.

Wapo wanaotaka tuiuze tununue boti ya faiba. Si wazo baya, ila fedha hizo hatuna, na faiba ikipasuka hapa kijijini hakuna wa kuiziba. Wa kalafati tunaye mmoja, naye ni mzee. Vijana wawili wakae naye kazi nzima, washike patasi wenyewe, si kumshikia taa tu.

Wakati wake ni huu, kabla masika ya Machi hayajaanza. Bamvua ya mwezi mpevu maji yakijaa tuivute juu kabisa. Bamvua nyingine ni baada ya wiki 2, kwa hiyo siku za kazi ni hizo tu. Ifunikwe makuti, jua lisije likazipasua mbao.

Fedha zitoke wapi? Hela za nazi za mwezi huu zisigawanywe. Tunajua neno hili linauma, na wengine mmeshaahidi mabati. Mkutano ni Ijumaa baada ya swala, mwenye neno aje aliseme pale, si dukani.

Ikikubaliwa, siku ya kuvuta kila nyumba itoe mtu mmoja na makuti 5. Kamba na magogo viko ghalani.