Chuma cha Ubavuni: Pambo au Kinga?

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii twaijua sote tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeiandikia insha. Lakini mimi sikuielewa sawasawa mpaka nilipokaa likizo moja katika karakana ya kuchomelea vyuma huko Namakwekwe, mjini Mbale. Leo naomba nafasi katika gazeti letu niseme maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni vile vyuma vinavyofungwa ubavuni mwa magari, chini ya milango.

Kila gari lina sehemu iliyo chini ya milango, ambayo mguu wako huivuka unapoingia. Mimi nitaiita kizingiti, maana kazi yake ni kama ya kizingiti cha nyumba. Kwa magari mengi sehemu hiyo ni bati lililokunjwa, na ndani yake mna uwazi. Gari likipita barabara ya lami, kizingiti hakina adui ila kutu. Lakini gari likipanda njia ya mawe, kizingiti ndicho kinachoumia kwanza, kwa sababu kipo katikati ya magurudumu mawili, mahali ambapo dereva haoni na gurudumu haliwezi kupainua. Kwa hiyo watu hufunga chuma pembeni yake ili jiwe lipige chuma, lisipige bati.

Sisi wa upande huu tunajua mawe ni nini. Mbale ipo chini ya mlima Elgon, ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Barabara kuu ya kwenda Kapchorwa ina lami, lakini ukiiacha na kuingia vijijini utakuta udongo unaoteleza, makorongo, na mawe yaliyoletwa na mvua. Ni mlima huo huo ulioporomoka Nametsi, wilayani Bududa, tarehe 1 Machi 2010, ukaporomoka tena Bududa Oktoba 2018, na Bulambuli mwezi wa Novemba 2024. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale ikachukua watu na mali. Basi gari la huku si la kwendea matembezi. Ndilo linaloshusha kahawa, ndilo linalopeleka mgonjwa hospitali, na siku ya msiba ndilo linalobeba jeneza.

Sasa nieleze lililonifanya niandike. Mjomba wangu ana Hilux ya milango minne. Mwaka juzi alifungiwa vyuma vya ubavuni na fundi mmoja, ambaye sitamtaja. Vilikuwa vyuma vizuri kwa macho: bomba la duara, limenyooka, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Mjomba alifurahi sana, na mimi pia nilijiona mtu mkubwa nilipokanyaga bomba lile kupanda garini.

Mwezi wa Aprili mwaka huohuo bibi yangu aliugua usiku, tukampakia tumpeleke Mbale. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Penye kona moja gari liliteleza, upande wa kulia ukaegemea kingo ya udongo, na upande wa kushoto ukakalia jiwe. Hatukwenda kasi, wala hatukupinduka. Lakini bomba lile zuri lilikuwa limechomelewa juu ya bati la kizingiti lenyewe, mahali panne tu, kila mahali pana kidonge cha chuma kama punje ya mahindi. Jiwe likasukuma bomba, bomba likasukuma bati, bati likapanda juu likabana mlango wa nyuma. Tulivuta, tukapiga mateke, mlango ukakataa. Mlango wa upande wa pili ulizuiwa na kingo ya udongo. Bibi yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alitolewa dirishani kama gunia la kahawa, mvua inamnyea, huku wanawe wakigeuza nyuso zao kwa aibu. Tulimbeba mpaka tukapata gari jingine. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hadi leo hapendi kupanda gari.

Likizo ilipofika, mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, wewe unasoma fizikia. Twende kwa fundi mwingine, ukaangalie nisidanganywe tena." Ndivyo nilivyofika Namakwekwe. Fundi yule mzee alilala chini ya gari kitambo kidogo, akatoka, akafuta mikono, akasema, "Kijana, hiki kilifungwa kitazamwe." Hakusema neno jingine juu ya fundi mwenzake, na hilo nalo nililipenda.

Nilikaa pale siku nne, nikishika taa na kupiga msasa. Nilijifunza mambo ambayo yafaa kila mwenye gari ayajue.

La kwanza ni kwamba chuma cha ubavuni lazima kishikwe na chesi, si bati. Magari kama Hilux na Land Cruiser za kazi yana chesi ya chuma kinene mfano wa ngazi, na bodi imewekwa juu yake kwa kukalia mipira. Nguvu zote zimo katika chesi. Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 inatuonyesha jambo hili wazi. Wakati ule baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, basi bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu, lakini chesi ilibaki ya chuma. Kwa hiyo fundi wetu alichukua bomba nene la mraba, akalitoa miguu mitatu kila upande, na kila mguu akauchomelea kwanza kwenye kibati kipana, kisha kibati kwenye chesi. Alinieleza kwamba mguu ukichomelewa peke yake, uzito wote hukaa mahali padogo na chesi yaweza kupasuka. Kibati hueneza uzito. Sisi darasani tumeandika jambo hilo mara nyingi kwa hesabu za kanieneo, lakini sikuwahi kuliona likiokoa mlango.

La pili ni nafasi. Kati ya bomba na kizingiti aliacha upenyo wa kupitisha vidole. Chuma chochote hupinda kidogo kikibebeshwa gari. Kama kinagusa bati, kikipinda bati nalo linakwenda. Yule fundi wa kwanza alikigandisha kabisa na bati, kwa hiyo alikuwa amemfungia mjomba nyundo ya kuvunjia gari lake mwenyewe.

La tatu ni uzito. Bomba la mraba la milimita 50, lenye unene wa milimita 4, lina karibu kilo 6 kwa kila mita moja. Pande mbili pamoja na miguu yake zilifika kama kilo 40. Huo ni uzito wa mtoto wa shule ya msingi anayesafiri nawe siku zote. Asiyekwenda milimani hana haja ya kumbeba mtoto huyo.

La nne ni usalama wa kazi yenyewe. Kabla ya kuwasha moto fundi alifungua waya wa betri, akatazama mabomba ya breki na tangi la mafuta yapo wapi, akayafunika. Alikataa kabisa bomba la maji lililopakwa zinki ambalo mjomba alilileta ili kupunguza gharama, kwa kuwa moshi wa zinki ikichomelewa ni sumu kwa mapafu. Mwisho aliziba ncha za bomba, akatoboa tundu dogo upande wa chini ili maji yakiingia yatoke, yasikae ndani yakala chuma kimyakimya.

La tano, nalo ndilo kubwa, ni majaribio. Fundi hakudai fedha zake kwanza. Aliweka jeki ndefu katikati ya bomba, akainua gari mpaka magurudumu mawili yakaacha ardhi. Halafu akamwambia mjomba, "Mzee, fungua mlango." Mjomba akafungua, akafunga, akafungua tena. Mimi nilimwona akikaa kimya, na nilijua anamfikiri mama yake.

Basi maoni yangu ni haya. Chuma cha ubavuni kilichotengenezwa hapa hapa kwetu ni kitu chema, tena chafaa kwa njia zetu. Lakini chuma cha pambo ni kibaya kuliko kukosa chuma kabisa, maana asiye na chuma huendesha kwa hadhari, bali mwenye pambo huendesha kwa majivuno.

Najua wapo watakaonipinga. Wengine watasema, "Tutengenezewe barabara, hayo mabomba hatutayahitaji." Ni kweli, nami naitaka barabara kama wao. Lakini mlima hautangoja. Hata barabara njema hufunikwa na mawe usiku mmoja, na mgonjwa hawezi kusubiri mpaka greda lifike.

Wengine watasema, "Vitu vya namna hii vinunuliwe ng'ambo, fundi wa chini ya mti hawezi." Hao nawauliza, wenzetu wa Marekani na Australia wanaopenda kupanda mawe kwa magari, si wengi wao huchomelea vyuma hivi nyumbani kwao? Tena tukumbuke mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya ng'ambo, lakini yaliimarishwa chini na mbele kabla ya kukutana na njia zetu. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda Safari mara tano, mara ya kwanza mwaka 1973. Kulifaa gari na nchi yake si ushamba, ni akili. Na chuma chenyewe hakiko mbali: Jinja kuna viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu na kukifanya chuma kipya.

Wapo pia watakaosema kwamba vyuma hivi vyaweza kuwaumiza waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Hawa nawakubalia. Ndiyo sababu bomba lisitokeze kupita upana wa gari, na ncha zake zisiachwe kali. Kinga yangu isiwe jeraha la mwenzangu.

Neno moja kwa wenye magari madogo kama RAV4. Haya hayana chesi ya ngazi, bali bodi yenyewe ndiyo chesi, na kizingiti ni sehemu ya uti wake wa mgongo. Fundi akikuambia atakuchomelea bomba juu ya kizingiti hicho kwa nusu saa, mshukuru, uende zako.

Kaka zetu mliotutangulia, wengi wenu sasa mna magari. Nawaomba msione haya kulala chini ya gari kabla ya kulipa. Ulizeni mambo matatu: Imeshikwa na nini? Kuna nafasi kiasi gani? Nikiinua gari hapa, mlango utafunguka? Fundi mwema atafurahi kuulizwa.

Nanyi wenzangu wa darasani, tuache desturi ya kumcheka kijana mwenye mikono myeusi. Fundi yule hakukaa darasani muda mrefu kama sisi, lakini alijua mahali uzito unapokwenda. Na mimi niliyepata alama nzuri katika mtihani wa fizikia nilikuwa nimekanyaga bomba lile bovu muda wote nisitazame lilivyoshikwa, mpaka bibi yangu akatolewa dirishani. Siku ile elimu nilikuwa nayo, ila sikuinama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita