Elfu Kumi kwa Elfu Nane: Hii Ni Biashara Gani?

Ndugu zangu wa Buyenzi na popote mlipo, wiki iliyopita kijana wa darasa la jioni aliniuliza: "Maalim, mjomba wangu ananunua noti zilizochanika. Ukimpelekea ya elfu kumi anakupa elfu nane. Ni halali?" Nikamwambia tutalizungumza kesho. Kusema kweli jibu nilikuwa nalo. Kilichonifunga mdomo ni jambo la mwaka 2023.

Mnakumbuka Juni ile. Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 zenye tarehe ya 4 Julai 2018 zinaondolewa, na watu wakapewa siku kumi tu za kuziweka benki. Wenye akaunti walipanga foleni. Akina mama wauza maandazi, ambao benki yao ni kopo chini ya kitanda, walibaki wakitazamana. Mama wa mwanafunzi wangu alikuwa na faranga 400,000, akiba ya matibabu ya macho ya mama yake mzazi. Siku ya tisa mtu wa mtaani mwenye akaunti alizichukua zote, akampa 320,000. Mtu huyo, ambaye husali safu ya mbele, alinijia baada ya Isha kuniuliza kama kuna ubaya. Nikamjibu: "Umemsaidia, zingebaki karatasi."

Astaghfirullah. Nilikosea, na nilikosea katika jambo ninalolifundisha kila mwaka.

Sote tunakijua kisa cha Bilal (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Alimletea Mtume (S.A.W.) tende nzuri za barni, akaeleza kuwa alitoa pishi mbili za tende hafifu akapata pishi moja ya nzuri. Mtume (S.A.W.) akamwambia hiyo ndiyo riba yenyewe, akamwelekeza auze zile hafifu kwanza, kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Tazama basi: ubovu wa tende ulikuwa wa kweli, mlaji anauonja mdomoni, na bado haikuruhusiwa. Sembuse noti! Noti kuukuu ya elfu kumi inanunua sukari ile ile inayonunuliwa na mpya.

Wapo wanaosema karatasi si dhahabu wala fedha, basi hukumu haiingii. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika mkutano wake wa Amman mwaka 1986, lilikata shauri kwamba noti ni fedha kamili, na hukumu za riba zinazihusu. Mimi naona ndilo lililo wazi, maana tunazitolea zaka na tunaozea kwazo.

Njia ya halali ipo, na Bilal alionyeshwa. Nunua mchele kwa noti yako. Au ibadilishe kwa fedha ya aina nyingine, dola au shilingi ya Tanzania, kwa bei mtakayokubaliana, mkono kwa mkono, msiachane mmoja anadai. Ndiyo maana ndugu zetu wa Uvira, ambako dola yenye mchaniko mdogo tu hukataliwa, wakiibadilisha kwa faranga za Kongo kwa bei ya chini, hiyo si riba. Dhuluma inaweza kuwemo, lakini hilo ni suala jingine. Na anayekupelekea noti zako benki, mpe nauli na ujira wa muda wake, mkiupatana mapema. Ujira unaopanda kila noti zinapoongezeka, huo mimi siuamini.

Hata noti mpya za kuwapa watoto Idi zinaingia humu. Kutoa 10,000 ili upate 9,500 zinazong'aa ni jambo lile lile, hata kama mtoto atafurahi.

Na kwa kuwa tumefika hapa, niseme la sanduku la sadaka. Ijumaa tukilifungua, noti zilizogundishwa kwa selotepu ni nyingi kuliko nzima. Ile aliyoikataa muuza nyama ndiyo tunampa Mwenyezi Mungu! Someni Suratul Baqara aya ya 267, kisha tuzungumze. Noti iliyochanika kidogo benki huipokea kwa thamani yake. Tatizo letu ni uvivu wa foleni.

Juzi nilimwendea yule bwana nikamweleza kwamba nilimjibu vibaya. Akaniambia, "Lakini wewe ndiye uliyenihalalishia." Sikuwa na la kusema. Tumekubaliana 80,000 ya mama irudi, yeye atoe sitini, mimi ishirini. Nilimpelekea fungu langu jana. Alizipokea moja moja, kila noti akiigeuza kwenye mwanga wa mlangoni kutazama tarehe.