Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Wenye Dhiki ya Moyo Nao Wafikiwe Nyumbani

Mheshimiwa Waziri,

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Hofu ya kushtakiwa ikiondoka, linabaki swali lililonikabili miaka yote nikiwa mwalimu wa ushauri nasaha hapa Kilifi: mtu huyu akazungumze na nani, na je, ataeleweka?

Mama wa Pwani haingii zahanati akasema ana huzuni isiyokwisha. Husema kichwa kinawaka moto, moyo unamwenda mbio, usingizi umempaa. Hupewa dawa ya maumivu akarudi kwake. Pengine keshasomewa na shehe au kuombewa na mchungaji, na mhudumu akimbeza kwa hilo, hatamwona tena. Ushauri wa kufaa huanzia pale alipo mtu: amepita wapi, nani ana kauli nyumbani, deni gani linamkosesha usingizi.

Hilo linawezekana. Mjini Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na kina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, waliowasikiliza watu kwenye benchi. Benchi alilolipa jina la afya ya akili watu walilikwepa. Nyanya hao ndio waliomshauri aliite la urafiki. Husikiliza kwa Kishona, kisha humsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hapa kwetu, shirika la Shamiri limewatumia vijana waliomaliza shule ya upili juzijuzi kuongoza vikao vya wadogo zao, bila kumbandika yeyote jina la ugonjwa.

Kwa vijana naomba jambo moja zaidi. Mzazi huja na mwanawe, huketi, na hujibu maswali yote yeye. Aheshimiwe na asikilizwe, lakini kijana naye apate wakati wake peke yake na mshauri.

Wala sitetei kila desturi. Kumfunga mgonjwa minyororo, kuwe kilingeni au kwenye kambi ya maombi, ni ukatili, na anayefanya hivyo ashtakiwe.

Mwaka 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wafundishwe pia kusikiliza. Mafunzo hayo yatungwe na wauguzi pamoja na wazee wa kila eneo, kwa Kigiriama, Kipokomo, Kisomali au Kidholuo, yasiwe miongozo ya Kiingereza iliyofasiriwa. Kila kundi liwe na msimamizi mwenye ujuzi, na njia ya uhakika ya kumfikisha hospitalini aliyezidiwa. Posho zao zisicheleweshwe. Anayebeba siri na machozi ya kijiji kizima hafai kuidai haki yake kila mwezi.

Afya imegatuliwa, kwa hiyo keti na magavana kabla bajeti ijayo haijasomwa, na fungu la kazi hii lionekane humo.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kilifi