Sindano Isikatwe Mtoto Aonekanapo Mzima



Wiki hii twazungumza na wazazi, hasa mama zetu, kuhusu maradhi yaanzayo kooni yakaishia moyoni. Madaktari huyaita maradhi ya moyo yatokanayo na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, umri ule ule wa shule na chuo.

Mwanzo wake ni mdogo. Mtoto huumwa na koo kwa bakteria waitwao streptokoki, huona tabu kumeza, kisha hupata nafuu. Kwa baadhi ya watoto, wiki 2 au 3 baadaye, kinga iliyoamka kupigana na bakteria hao huushambulia mwili wenyewe. Hapo huja homa, na viungo huvimba kwa zamu: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko.

Uvimbe wa viungo huondoka bila kuacha alama. Moyoni hubaki kovu. Vali, yaani vilango vinavyoruhusu damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma, huharibika, na kila homa inaporejea madhara huongezeka. Vali iumiayo zaidi ni ile iliyo baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Mwishowe mtoto hutweta kwa mwendo mfupi, wala halali ila kwa mito mirefu.

Iko dalili nyingine isiyojulikana na wengi. Mtoto, na aghalabu ni msichana, huanza kurusharusha mikono na kukunja uso bila kukusudia, na hati yake ikaharibika. Walimu wenzetu wa chuo, tusimpige tukidhani ni utukutu. Wazazi nao wasikimbilie kusema ana pepo. Apelekwe hospitali akapimwe moyo.

Mtoto aliyekwisha kupatwa na homa hii huandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Sindano haifuti kovu lililokwisha kuwepo. Huzuia homa isirudi ikazidisha madhara. Hapa ndipo wengi huteleza. Mtoto anakula, anacheza, anakimbia. Mzazi husema amepona, na sindano yenyewe inauma, basi kadi hutiwa kabatini. Mama, uzima ule unalindwa na sindano hiyo hiyo. Asiikatishe mtu ila daktari.

Na katika Ramadhani je? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, iliamua kuwa sindano za tiba za ngozi, misuli na mishipa hazivunji saumu, isipokuwa zile za lishe. Sindano hii ni ya msuli na si lishe. Siku yake ikiangukia mchana wa funga, achomwe.

Binti naye akikua, maradhi yake yasifichwe wakati wa posa kwa kuogopa maneno ya watu. Katika mimba moyo hubeba kazi kubwa zaidi, na vali iliyosinyaa yaweza kushindwa. Mume ajue, na daktari wa moyo aonwe kabla ya mimba. Kumficha ni kumhatarisha yeye na mwanawe.

Kwa watoto wengine, koo likiuma pamoja na homa, waendeni zahanati mapema. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma huweza kuizuia homa ya baridi yabisi, na dawa zimalizwe zote hata maumivu yakitulia. Asali na tangawizi hutuliza koo, lakini haziui bakteria hao.

Watoto ni amana, na kutawakali hakumwondolei mzazi wajibu wa kutafuta tiba. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu na awape wazazi subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.