Fasihi ya Kiingereza: mtihani ndio unaofunga vitabu

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, ugomvi ulikuwa vitabu vya nani viwe kitovu cha masomo. Katika sekondari za Tanzania ugomvi huo umekwisha: orodha ya vitabu vya kidato cha nne imewabeba Wole Soyinka, Guillaume Oyono-Mbia na Ngũgĩ mwenyewe. Linalosumbua ni kwamba mwanafunzi anaweza kujibu maswali ya fasihi vizuri tu bila kufungua hata kimoja. Wengi huwalaumu vijana na simu zao. Mimi nailaumu karatasi ya mtihani.

Kwa miaka mingi swali la fasihi limekuja na sura ileile: chagua vitabu viwili katika orodha, toa hoja tatu kutoka kila kimoja. Swali hilo halimdai mtahiniwa sentensi hata moja ya mwandishi. Linamdai orodha, na orodha hukaririwa, ndiyo maana madesa ya muhtasari hayakosi wateja. Chukua Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ kuhusu kijana Njoroge. Desa likiandika kwamba dhamira ni umuhimu wa elimu, halijadanganya kabisa, kwa kuwa Njoroge kweli anaiabudu shule. Lakini riwaya inamtoa shuleni Siriana na kumtia mikononi mwa polisi, anateswa, anaishia dukani kwa Mhindi na huko nako anafukuzwa, mwishowe anasimama na kamba mpaka mama yake anapomwita. Imani ile ya elimu inahojiwa vikali, na anayelijua hilo ni aliyefika kurasa za mwisho. Aliyekariri hoja tatu atapata alama sawa naye, pengine zaidi, maana hoja zake zimepangika.

Kenya wana njia tunayoweza kuiazima. Karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, humwekea mtahiniwa dondoo la kitabu cha lazima, alama 25, na mara nyingi shairi ambalo hakufundishwa, alama 20. Dondoo lina mianya yake: ukiulizwa kilichotokea kabla na baada, muhtasari unatosha. Shairi ndilo halina desa. Mtoto analikuta pale, analisoma mara mbili tatu, anasema anachokiona na kuonyesha mstari uliomfanya aseme hivyo.

Wapo watakaosema watoto wetu, wengi wao wakiwa wametoka shule za msingi za Kiswahili, watafeli wakinyang'anywa muhtasari. Hoja hii ni nzito, lakini muhtasari haujawafundisha Kiingereza; umewapa sentensi za watu wengine. Shairi fupi la maneno mepesi linawezekana, na Summons, mkusanyiko wa Richard Mabala wa mashairi ya Watanzania, unatosha kutuonyesha pa kuanzia. Vitabu ni haba, kweli, ila shairi lililochapwa ndani ya mtihani humfikia wa Kigoma sawasawa na wa Masaki. Usahihishaji utakuwa mgumu zaidi, sibishi, kwani msahihishaji hatahesabu hoja tu. Lakini Kenya hulifanya jambo hilo kila mwaka kwa mamia ya maelfu ya watahiniwa. Basi katika mtihani wetu swali moja la insha liondolewe, nafasi yake ichukuliwe na shairi au ukurasa mmoja wa nathari usiofundishwa, na shule zitangaziwe tangu kidato cha tatu ili walimu wapate muda wa kubadili vipindi vyao.